Victor Hess, mutu mwenye alipima mionzi toka ndani ya mawe mupaka juu ya mawingu

Wandugu wachimbaji, wamama na vijana wa makambi, juma hii tunawaletea maisha ya mutu mwenye alikufa zamani, mwaka 1964, lakini kazi yake inatuhusu sisi wenye kushinda ku shimo. Jina lake ni Victor Franz Hess. Alizaliwa Austria, na mwaka 1936 alipata tuzo ya Nobel ya fizika, tuzo ile yenye docteur Mukwege wetu alipata upande wa amani mwaka 2018. Ku masomo watoto wetu wanajifunza jina la Marie Curie, na ni vizuri. Jina la Hess wanalisikia kidogo sana. Na huyu, karibu miaka hamsini, alifanya kazi moja: kupima mionzi yenye inatuzunguka, ile ya mawe, ile ya hewa, ile ya mbinguni, na kwa mwisho ile yenye imeingia ndani ya mwili wa mutu.

Mionzi haina harufu, haina rangi, haiumi siku ya kwanza. Njo maana ni rahisi mukubwa kukuambia kama haiko. Hess alimaliza ubishi wa namna ile kwa njia moja: kuchukua kifaa, kwenda pale pale penye mambo iko, kusoma namba na kuiandika.

Mutoto wa mulinzi wa pori

Victor Hess alizaliwa tarehe 24 Juni 1883 ku ngome ya Waldstein, jimbo la Styria. Tusidanganyike na lile neno ngome, hawakuwa matajiri wa pale. Baba yake, Vinzenz Hess, alikuwa mukubwa wa walinzi wa pori ya mwana wa kifalme mumoja, mutu wa mushahara sawa sisi. Mutoto alisoma sekondari na iniversite ku muji wa Graz, na mwaka 1906 akapata udoktere wa fizika.

Alikuwa na mupango wa kwenda Berlin, kwa profesa Paul Drude, fundi mukubwa wa mambo ya mwangaza. Lakini mwaka ule ule Drude alijiua, mbele Hess hajafika kwake. Mupango ukavunjika. Hess akaenda Vienna, kwa profesa Franz Exner na Egon von Schweidler, wenye walikuwa wanachunguza umeme na mionzi ya hewa. Kule njo njia yake ilianzia.

Mawe meusi ya Joachimsthal

Mwaka 1910, ku Vienna walifungua nyumba ya uchunguzi wa radiumu tupu, na Hess akapata kazi pale, musaidizi wa profesa Stefan Meyer. Juu ya nini Vienna? Ni juu ya mine. Siku zile Austria ilitawala inchi ya Bohemia, na ku Bohemia kuko muji wa Joachimsthal. Kule walichimba feza tangu miaka ya 1500. Feza ile walitengeneza nayo makuta yenye waliita thaler, na ku jina lile njo neno dola lilitokea. Kwa hiyo dola yenye tunabishania kila mwisho wa mwezi jina lake lilizaliwa ku shimo la wachimbaji wenzetu.

Kisha feza, kule kulibakia jiwe jeusi, zito, lenye wachimbaji walikuwa wanatupa. Mulikuwa urani. Na ndani ya mabaki ya jiwe lile Pierre na Marie Curie walivumbua radiumu mwaka 1898.

Lakini wachimbaji wa milima ile walikuwa na ugonjwa wao, tangu miaka mingi sana. Mutu wa nguvu anaanza kukohoa, anakonda, anakufa na miaka arobaini na kitu. Mwaka 1879, wanganga wawili wa Schneeberg, upande wa Ujerumani wa milima ile, walionyesha kama ugonjwa ule ni kansere ya mapafu. Juu ya nini kansere, bado hawakujua. Leo inajulikana. Urani yenye iko ndani ya jiwe inageuka polepole, miaka kwa miaka, inatoa radiumu, na radiumu inatoa gazi yenye jina radoni. Gazi ile inatoka ku ukuta wa shimo, inaingia ku hewa, inaacha uchafu wake ku vumbi, na vumbi inaingia ku kifua. Inje upepo unaisambaza. Ndani ya galeri yenye hewa haitembei, inajaa. Mutu hasikii kitu.

Kopo na nyuzi mbili

Sasa tuangalie kifaa cha Hess, juu ni kitu chepesi, na bila kukielewa hatutaelewa mambo yake yenye kubakia. Kinaitwa elektroskopu. Ni kopo ya chuma yenye kufungwa vizuri, na ndani munaninginia nyuzi mbili nyembamba sana. Ukizipa umeme zinasukumana, zinaachana. Kama hewa ya ndani ni safi, umeme unakaa na nyuzi zinabakia mbalimbali. Kama mionzi inapita, inavunja chembe za hewa, umeme unatoroka, na nyuzi zinarudiliana polepole. Unaangalia ndani na ka-mikroskopu, unashika saa, unaandika. Nyuzi zikirudiliana mbio, mionzi ni mingi.

Wenye elimu walikuwa na shida moja. Hata waweke kopo mbali na kila radiumu, hata waifunike na risasi nene, umeme ulitoroka tu. Wengi walisema: mionzi hii inatoka ku udongo na ku mawe, hakuna pengine. Mupadri Mujesuiti mumoja, Theodor Wulf, mwenye alitengeneza elektroskopu ya nguvu yenye unaweza kubeba safari, aliipandisha ku munara wa Eiffel, Paris, mwaka 1910. Kama mionzi ilitoka chini, pale juu ku metre 300 ilipaswa kupunguka sana. Ilipunguka, lakini kidogo kuliko vile walitazamia.

Hess hakukimbilia mbinguni mara moja. Alianza na kazi ya chini, yenye hakuna mutu wa kupigia makofi: alipima na radiumu ya nguvu namna gani mionzi ya gama inazoofika wakati inapita ku hewa. Akapata kama ile ya udongo, ukipanda metre 500, imebakia kidogo sana. Sasa alikuwa na namba ya kulinganisha. Kisha njo akaomba baluni.

Siku saba ku mwaka 1912

Baluni ya siku zile ni mufuko mukubwa wenye kujaa gazi ya hidrojeni, na chini yake kikapo cha watu. Hidrojeni inawaka moto kwa kacheche kamoja tu. Hess alipanda mara mbili mwaka 1911, mara saba mwaka 1912, na mara moja tena mwaka 1913. Mara kumi mutu wa laboratwari alitundika maisha yake ku kamba, juu ya kusoma nyuzi mbili ndani ya kopo.

Angalia namna alifunga milango mumoja kisha mwengine. Tarehe 17 Aprili 1912 mwezi ulifunika jua, karibu lote. Hess alikuwa juu, metre zaidi ya 2,000. Kama mionzi ilitoka ku jua, ilipaswa kupunguka saa ile. Haikupunguka. Alipanda pia usiku. Usiku na muchana namba zilikuwa sawa. Kwa hiyo jua halikuwa asili yake.

Safari kubwa ni ya tarehe 7 Agosti 1912. Kisha saa kumi na mbili ya asubuhi, baluni Böhmen iliondoka muji wa Aussig, ku Bohemia. Hess alibeba elektroskopu tatu, juu kifaa kimoja kinaweza kudanganya, lakini vitatu kusema uongo mumoja ni nguvu. Walipanda mupaka metre 5,350. Pale baridi ni kali, hewa ya kupumua ni kidogo, kichwa kinakuwa kizito. Yeye alikuwa anasoma tu na kuandika. Saa sita ya muchana walishuka Ujerumani, upande wa mashariki wa Berlin.

Namba zilisema hivi: kutoka chini mupaka karibu metre 1,000 mionzi inapunguka kidogo, njo ile ya udongo yenye inabakia nyuma. Kisha inaanza kupanda. Ku metre 5,000 ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya chini. Kumbe kuko mionzi yenye inatoka inje ya dunia, inatunyeshea usiku na muchana. Wengi walikataa. Lakini Mujerumani Werner Kolhörster alipanda mupaka metre 9,000 mwaka 1913 na 1914, akapata mambo ile ile. Robert Millikan wa Marekani alikuwa na mashaka pia, akajipimia, na mwaka 1925 yeye njo aliipa jina lenye linatumika leo, mionzi ya kosmiki.

Wakati wa vita ya kwanza, Hess aliendelea Vienna pamoja na Mwingereza Robert Lawson. Kwa sheria ya vita Lawson alikuwa adui, lakini profesa Meyer alimuachia afanye kazi. Wawili wale walihesabu chembe zenye gramu moja ya radiumu inatupa ku segonda moja: zaidi ya miliari 37. Gramu moja, wandugu, na segonda moja.

Orange na Shinkolobwe

Toka mwaka 1921 mupaka 1923 Hess alikuwa Marekani, mukubwa wa laboratwari ya kampani United States Radium Corporation, ku muji wa Orange, jimbo la New Jersey. Hapa habari inakuja karibu na sisi, mara mbili.

Ya kwanza. Kampani ile ilitengeneza rangi ya radiumu yenye kungaa usiku, na mabinti walipaka nayo namba za saa. Walifundishwa kuchongoa burushi na midomo. Wenye elimu walikuwa wanashika radiumu na koleo, nyuma ya risasi. Mabinti walikuwa wanaimeza, kidogo kidogo, kila siku. Meno yalianguka, taya zikaoza, wengine wakakufa. Kampani ilisema rangi haina kosa. Mwaka 1927, wanamuke watano walipeleka kampani ku tribinali, wakati wengine kati yao hawawezi tena kutembea, na mwaka 1928 kampani ilikubali kulipa. Hess alikuwa upande wa laboratwari, na alikuwa amekwisha kurudia Austria wakati kesi ilianza. Lakini tuweke ku akili: ndani ya ile kampani kulikuwa vifaa vya kupima radiumu mupaka kiasi kidogo kabisa. Vilipima mali ya kuuzisha. Mifupa ya wafanyakazi hawakuipima mupaka wakati watu walianza kukufa.

Ya pili. Miaka ile ile, 1921 na 1922, Union Minière ilianza kutoa urani ya Shinkolobwe, kwetu hapa Katanga, yenye walivumbua mwaka 1915. Waliituma Ubelgiji, ku fabriki ya Olen, kutolea radiumu. Mwaka 1921 wamama wa Marekani walichanga dola 100,000 juu ya kumupa Marie Curie gramu moja tu. Jiwe la Katanga lilikuwa na utajiri mukubwa hivi kwamba bei ilianguka, na machimbo ya urani ya Marekani yakafungwa. Kwa miaka mingi radiumu ya hospitali nyingi za dunia ilitoka ku mikono ya babu zetu. Sisi tunajua majina ya wenye kuvumbua. Majina ya wenye kubeba mawe yale ku vikapo hayakuandikwa.

Tuzo, kisha kufukuzwa

Hess alirudia Graz, na mwaka 1931 akaenda Innsbruck kuongoza nyumba mupya ya uchunguzi wa mionzi. Pale alijenga kituo ku mulima wa Hafelekar, metre 2,300, juu ya kupima mionzi ya kosmiki kila siku ya mwaka, bila baluni. Ku miaka ile radiumu ilidai deni yake: sababu ya kuungua na mionzi, wanganga walimukata kidole gumba. Mutu mwenye alijua mionzi kuliko karibu watu wote, nayo ilimukamata.

Mwaka 1936 akapata Nobel, akaigawanya na Carl Anderson wa Marekani. Kisha miaka miwili, ku Machi 1938, watu wa Hitler wakaingia Austria. Hess alikuwa Mukatolika mwenye hakuficha maoni yake, na bibi yake, Marie Bertha, alikuwa na asili ya Kiyahudi. Walimufukuza kazi. Walimulazimisha kubadilisha feza ya Nobel na makaratasi ya deni ya serikali yao. Mutu mumoja alimupasha habari ya siri kama watamufunga, na yeye na bibi yake wakakimbilia Uswisi. Toka pale walienda New York, ku iniversite ya Fordham, ya mapadri Wajesuiti, yenye ilimupa kazi. Alikuwa na miaka 55, akaanza upya.

New York: bomu, shimo, mwili

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu ilianguka Hiroshima. Munajua kama urani yake, sehemu kubwa, ilitoka Shinkolobwe. Zaidi ya tani elfu moja za mawe yetu zilikuwa zimelala ku Staten Island, New York kwenyewe, tangu 1940, mbele jeshi la Marekani lizinunue mwaka 1942.

Kisha mabomu yale Hess na Paul Luger, Mujesuiti mwengine, walipanda ku Empire State, nyumba ndefu kuliko zote za dunia siku zile, kupima kama vumbi ya bomu inafika ku hewa ya New York. Ilikuwa kati ya vipimo vya kwanza vya namna ile. Toka siku zile Hess alipinga kujaribu mabomu hewani. Alikuwa na sababu ya mupimaji: alijua kama kile kinatupwa mbinguni kinarudia chini.

Mwaka 1947 alishuka. Ku New York kuko gare ya treni ya chini ya udongo, ya barabara ya 190, yenye ilichimbwa ndani ya mwamba wa Fort Tryon, metre zaidi ya 40. Ni kati ya gare za ndani sana za muji ule. Hess alipeleka vifaa pale kupima mionzi ya mawe yenyewe. Mutu mwenye alipanda metre 5,350 alikuwa sasa ku galeri, sawa sisi, anasikiliza ukuta.

Na ku miaka ile ile ya 1940, pamoja na William McNiff, alitengeneza njia ya kupima radiumu kidogo sana yenye iko ndani ya mwili wa mutu mwenye angali hai, kwa mionzi ya gama yenye inatoka inje, bila kumupasua. Kwa njia hiyo unaweza kumujua mufanyakazi mwenye kuanza kujaa radiumu mbele mifupa haijaoza. Kwa mabinti wa Orange ilichelewa miaka makumi mawili. Lakini ilikuja, na ilitoka ku mikono ya mutu mwenye alifanya kazi ku kampani ile.

Hess alitoka ku kazi mwaka 1956, na alikufa tarehe 17 Desemba 1964, ku Mount Vernon, karibu na New York, na miaka 81.

Sisi tunashika nini

Hapa kwetu, mawe ya shaba na kobalti, pengine na pengine, yanatembea na urani. Shinkolobwe serikali iliifunga tangu 2004, lakini mwamba haujui mupaka wenye serikali ilichora. Hatusemi kila shimo ni hatari. Hatusemi pia kama hakuna hatari. Tunasema vile Hess angefanya: wapime.

Kwa hiyo wadelege wetu wadai mambo haya ku kila komite ya usalama. Wapime hewa ya kila galeri, wakati watu wako ndani ya kazi, hapana siku ya wageni tu. Pahali penye mionzi inaonekana, kila mufanyakazi apewe kipimo chake cha kuvaa. Namba zibandikwe pahali kila mutu anasoma, na kila mutu akiacha kazi apewe karatasi yake, juu kansere inaweza kuja kisha miaka makumi mawili, wakati kampani imebadilisha jina. Na vantilatere ikikufa, watu watoke mupaka itengenezwe, juu hewa yenye kutembea njo inafukuza radoni.

Ku nyumba, mambo ni mepesi, haiombe dola. Tusilaze mifuko ya mawe ku chumba chenye watoto wanalala. Nguo za kazi zifuliwe mbali na za familia. Tunawe mikono mbele ya kula, hata kama ni mukate wa haraka ku mulango wa shimo. Vumbi ilowanishwe na maji mbele ya kufagia.

Na vijana wenye kupenda fizika ku sekondari, tunawaomba jambo moja. Hess alikuwa mutoto wa mulinzi wa pori. Tunahitaji watoto wa wachimbaji wenye watajua kushika kifaa, kukisoma wao wenyewe, na kuja kutuambia namba yenye kweli.